Gari Lililokunywa Maji

Viti vya gari lile vilikuwa vizuri kuliko gari lenyewe. Hilo hakuna aliyelibishia. Gari lilisimama uani kwa fundi, pua imeelekea ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu, halingurumi wala halikohoi. Lakini ukifungua mlango ulipokewa na viti vya ngozi bandia nyeusi, uzi mwekundu umepita pembezoni bila kuyumba, na sponji mpya imejaa vizuri ikikungoja ukae. Jirani mmoja alichungulia siku moja akatikisa kichwa. "Kweli fundi ni fundi," alisema. "Ila hapa umemvisha maiti suti."

Fundi hakucheka. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na pia kwa sababu ukimgusa vibaya alichoma. Tangu ujana wake alikuwa akishona viti vya magari katika kibanda kilichokuwa nyuma ya safu ya magereji, na wenye magari waliwapita mafundi wengine wakamfuata yeye. Walimfuata kwa mshono wake, lakini zaidi kwa mdomo wake.

Kila kazi ina miiko yake, na mwiko wa fundi wa viti ni huu: unachokikuta ndani ya kiti hukisemi. Ukikifumua kiti cha gari unakuta maisha ya mwenyewe yamedondokea humo. Unakuta vibanio vya nywele ambavyo si vya mkewe, vyeti vya hospitali, tiketi za safari ambayo nyumbani alisema hakwenda. Mara moja Sindano alikuta meno ya bandia, ya juu na ya chini, yamekenua. Chenye thamani unakitia kwenye bahasha na kumpa mwenye gari mkononi, bila neno. Kisicho na thamani unakifagia. Alipokuwa bado anajifunza kazi, alimkabidhi mama mmoja hereni aliyoikuta katika gari la mumewe, akidhani anatenda wema. Hereni haikuwa ya yule mama, na ndoa ile haikumaliza mwezi. Bwana aliyemfundisha hakumpiga. Alimwambia tu, "Sisi tunashona mdomo kwanza, viti baadaye." Tangu siku hiyo mdomo wa Sindano ulishonwa kwa mambo ya ndani ya viti, na kama mishono yake yote, haukufumuka.

Mke wake, yeye, aliishi kwa mdomo. Alikuwa mpokea simu kiwandani, na sauti yake ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kumwona sura. Inasemekana wako waliopiga simu, wakaisikia sauti ile, wakasahau walichotaka kuuliza. Yeye ndiye aliyemwita mumewe Fundi tangu walipokuwa wachumba, kwa kejeli, maana kiti cha kwanza alichomtengenezea kilivunjika mguu akiwa amekikalia mbele ya mashangazi zake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, ulimi ukawa mzito. Maneno yakawa yanatoka moja moja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Basi akaacha kusema mbele za wageni. Simu ikilia nyumbani, aliitazama tu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaeleza bila kuzunguka. "Mguu ni kama mwanafunzi mvivu, mzee. Usipouita darasani kila mara unasahau hata jina lake. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita bure, tutakuwa tunabembeleza jiwe."

Kliniki ilikuwa upande wa pili wa mji. Walikwenda kwa basi mara chache, mpaka siku ile utingo mwenye haraka alipombeba mama kwapani na kumsukuma ndani kama gunia la mkaa, gauni likapanda juu, abiria wakageuza nyuso. Waliporudi nyumbani mke alisema, "Sipandi... tena." Na mwanamke yule akisema hivyo, basi imekwisha. Teksi ingewamaliza wao kabla haijauponya mguu. Sindano akauza kiwanja alichokuwa amekiweka kwa ajili ya uzee, akisema moyoni kwamba uzee wenyewe ndio huu umeshafika, akaenda kutafuta gari.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi makanika katika gereji ya jirani. Aliposikia habari alimjia akijifuta grisi. "Shemeji, usinunue kitu kabla sijakitazama."

"Maisha yangu yote nimo ndani ya magari," Sindano alimjibu. "Nisilijue gari?"

"Unalijua, nani kakataa? Unalijua kuanzia makalioni."

Watu wa gereji walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomfanya Sindano aende bila shemeji. Alikwenda na mkewe tu.

Yadi ya magari ilikuwa ya bwana mmoja waliyemwita Marashi, kwa sababu kila gari lake lilinukia kama bwana harusi. Aliwapokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Mama akae, asisimame juani." Akamfungulia mlango wa gari la kijivu, akamsaidia kuketi kiti cha mbele kwa adabu ambayo utingo hakuwa nayo. Viti vilikuwa vimechanika, lakini hilo Sindano hakulijali. Machoni pake lilikuwa kama bibi arusi anayehitaji gauni tu.

Alizunguka, akapiga magurudumu mateke kidogo kama alivyoona wengine wakifanya. Kisha akauliza swali moja la maana, kwa kuwa mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimezamisha mitaa ya bondeni. "Niambie kweli. Gari hili limewahi kuingia maji?"

"Hili?" Marashi aliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayeapa. "Mzee wangu, hili hata mvua halijui. Lilikuwa la daktari, lilikuwa linalala ndani."

Mke wa Sindano akacheka. Kilikuwa kicheko kilichopinda upande mmoja, lakini kilikuwa cha kwanza tangu augue, na Sindano alipokisikia alikuwa ameshanunua gari moyoni. Ofisini aliletewa karatasi ya kutia saini, na mahali fulani iliandikwa kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Aliweka kidole hapo. "Hii maana yake nini?"

"Utaratibu tu, mzee. Kwani sokoni nyanya hununui kama zilivyo?"

Akatia saini.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulikumbuka baadaye. Gari liliwaka, walikwenda kliniki na kurudi, na siku moja mtaalamu alimwacha mkono yule mama, naye akapiga hatua mbili peke yake akamwangukia mumewe kifuani. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba kwa pua, maana kuimba kwa pua hakuhitaji maneno.

Lakini marashi nayo huisha. Harufu ilipopungua, chini yake ikapanda nyingine, kama ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Na waya wa kiti cha mbele ulikuwa unamchoma mke wake mgongoni. Sindano akaking'oa kiti hicho, kisha vingine vyote, maana fundi hashoni kiti kimoja akaacha kingine kinamzomea.

Alipofumua kitambaa cha zamani aliliona tope. Lilikuwa laini na kavu, kama unga uliochekechwa, limelala ndani ya fremu, kwenye mikunjo ya sponji, ndani ya reli za viti. Kulikuwa na majani makavu ya mtoni. Kulikuwa na kigamba cha konokono, kidogo kama punje ya mahindi.

Alikishika kile kigamba kwa muda. Alijua. Alikuwa ameshona viti vya magari yaliyozama kabla ya hapo, na harufu ile haimdanganyi fundi wa viti. Kisha akakitupa kwenye ndoo na kuchukua ufagio.

Baadaye watu wengi walimuuliza kwa nini, na kila mmoja alipata jibu lake. Mikono ndiyo iliyotangulia, ilifanya ilivyozoea. Ilifagia, ikakwangua kutu, ikapaka fremu rangi, ikafua mikanda kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe, ikatandika zulia jipya chini, ikachoma sponji ya zamani nyuma ya kibanda. Na mdomo nao ukafanya ulivyozoea. Lakini nyuma ya mazoea kulikuwa na kingine. Kulikuwa na kicheko cha watu wa gereji, na kulikuwa na mkewe anayeimba kwa pua. Alijiambia kila gari lina uchafu wake, na kazi nzuri huponya mengi.

Mkewe alipoketi kwenye kiti kipya, alikipapasa kwa mkono wake mzima, akasema, "Fundi... hiki... hakivunjiki." Sindano akageuza uso akajifanya anatafuta funguo.

Gari lilikufa njia panda, wakiwa wanakwenda kliniki. Halikuonya. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja kama mji wakati wa sherehe, kisha zikazimika, na usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Watu wasiowajua waliwasukuma mpaka pembeni, huku mke akiwa ameketi mbele, amenyooka, anatazama mbele kama picha. Honi zilikuwa nyingi. Siku hiyo mazoezi hayakufanyika, na wiki ile yote, na iliyofuata.

Shemeji alilifungua gari uani. Alikata nyaya, akatia nyingine, haikusaidia. Akafungua kasha la kompyuta ya injini, akalinusa, akamwonyesha Sindano ukijani wa kutu uliokuwa ndani.

"Shemeji, gari hili limekunywa maji. Limekunywa likashiba." Akapekua chini ya zulia, akainuka amechanganyikiwa. "Lakini tope liko wapi? Gari lililozama halina tope? Hiyo ni kama mlevi asiyenuka."

Sindano alisema, "Sijui makanika ninyi mnavyoona." Ndilo jibu alilompa shemeji.

Alikwenda yadi. Marashi alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika naye. "Mzee wangu, gari umelitumia. Umelivalisha upya, nasikia limependeza kweli. Mimi sasa nitachukuaje kitu ambacho si kile nilichouza? Na karatasi tuliandikiana."

"Uliniambia hata mvua halijui."

"Nilisema hivyo?" Marashi alitabasamu. "Mimi husema mengi, mzee. Biashara ni mdomo."

Ndipo Sindano alipovaa shati lake la kola na kwenda ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja kilichokuwa juu ya duka la dawa, ambako wakili kijana, binti mwenye sauti ya upole na meza iliyojaa, alikuwa akiwasikiliza wasio na uwezo. Sindano hakupenda kuhesabiwa miongoni mwa wasio na uwezo. Aliketi ukingoni mwa kiti, bila kuegemea, na akautazama mshono wa kiti chenyewe, ambao ulikuwa mbovu.

"Njia zako, baba, ziko hivi," wakili alisema. "Ya kwanza ni kulikataa gari, urudishiwe chako. Hiyo sheria inakupa, lakini inataka uwahi, na gari lirudi kama ulivyolichukua. Ya pili, unabaki na gari lako, unadai fidia kwa kasoro iliyokuwepo siku ya kununua. Ya tatu ni uongo. Muuzaji akikudanganya jambo kubwa waziwazi, hiyo 'kama lilivyo' yake haimfichi. Mtu hawezi kukudanganya kisha akajifunika karatasi. Ya nne ni kupatana nje."

"Mimi nataka ya kwanza. Achukue takataka zake."

"Gari liko kama ulivyolichukua?"

Sindano akautazama tena ule mshono mbovu. Kisha, kwa sababu alikuwa mbele ya mtu ambaye kazi yake nayo ni kufunga mdomo, akamweleza: tope, majani, kigamba, kutu, mikanda, moto nyuma ya kibanda. Wakili aliacha kuandika.

"Mikanda pia uliifua?"

"Kazi ni kazi."

Wakili alivua miwani akajisugua macho. "Laiti ungekuwa fundi mbovu kidogo, mzee wangu, tungeshinda." Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua uliliona tope?"

"Wewe."

"Mama hajui?"

"Hajui."

"Basi mwambie leo. Dai lako tutalipeleka mbele ya baraza la madai madogo; huko utaulizwa, na huwezi kuapa kisha ukaficha. Asije akalisikia kule kwa mara ya kwanza." Akaendelea, "Na hayo maneno ya mvua, aliyasikia nani?"

"Yeye. Alikuwa ndani ya gari. Lakini yeye hasemi mbele za watu."

Kabla ya siku ya baraza Marashi alituma ujumbe kwamba yuko tayari kulichukua gari kwa bei ya chuma chakavu, kwa moyo wa huruma. Wakili alisema wafikirie. Sindano alisema huruma ya fisi mbuzi haihitaji. Na jioni ile, akimlisha mkewe, alifungua mdomo ili amwambie lile la tope. Mke akamtangulia.

"Nita... kwenda," alisema. "Nita... sema. Nilisikia."

Aliyasema yale akiwa ameinua kidevu, kwa sura aliyokuwa nayo zamani akichukua simu. Sindano alishindwa kuiharibu sura ile. Akasema, "Kula kwanza, Mama." Na jioni iliyofuata nayo ilikuwa na sababu yake, na nyingine yake.

Chumba cha baraza kilikuwa ghorofani na ngazi zilikuwa nyembamba. Sindano na shemeji walimpandisha mama akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma, huku watu waliokuwa wakishuka wakijibana ukutani kuwapisha. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama wa makamo, hakutabasamu wala hakumwonea mtu. Marashi alikaa upande wa pili na karatasi yake moja, akinukia chumba kizima.

Mama alipoitwa, alisema kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusema tangu augue. Kila neno lilikuja peke yake na kila mtu alilingoja. Alipofika penyewe alisimama kidogo, akameza mate. "Akasema... hili... hata... mvua... halijui."

"Mheshimiwa, naomba arudie," Marashi alisema kwa upole. "Sikumpata vizuri."

Shemeji aliinuka nusu, Sindano akamshika suruali. Lakini mama alirudia, kwa nguvu zaidi, na mate yakamtoka upande wa mdomo usiosikia, naye hakuyafuta, alimkazia macho yule bwana mpaka akamaliza.

"Ulisema maneno hayo?" mwenyekiti alimuuliza Marashi.

"Mheshimiwa, mwamba ngoma huvutia kwake. Muuzaji asiposifu, asifu nani? Lakini kusifu si kuzamisha. Waonyeshe hayo maji."

Shemeji alieleza ukijani na nyaya. Aliulizwa nyaya ziko wapi. Alikuwa amezitupa, kwani nani huhifadhi nyaya zilizooza? Kisha ikawa zamu ya Sindano. Aliapa. Mwenyekiti alimtazama vidole vilivyojaa makovu ya sindano.

"Wewe ni fundi wa viti wa siku nyingi. Ulipovifumua viti hivi, uliona nini?"

Angeweza kusema hakuona kitu. Alilipima hilo, kwa haraka, kama anavyopima kitambaa kwa jicho. Lakini alikuwa ameapa, naye alikuwa mtu wa kujivunia kwamba hajawahi kumwongopea mtu, kunyamaza hakukuhesabu kuwa uongo.

"Niliona tope," alisema. "Na kigamba cha konokono."

"Ukajua nini?"

"Nikajua gari limezama."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Fundi wa viti hasemi anachokikuta."

Marashi alicheka kidogo, kwa pua. Sindano hakumsikia. Alikuwa ameona, pembeni mwa jicho, kichwa cha mkewe kikigeuka polepole, kwa shida, mpaka kikamwelekea. Yeye hakugeuka.

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo, na mwenyekiti aliusoma bila raha. Baraza linaamini maneno yalisemwa, alisema. Shahidi amesema kweli na amesema kwa gharama. "Lakini maneno tumeyasikia, maji hatujayaona. Kitu ambacho kingetuonyesha maji, mdai amekifagia mwenyewe. Tumebaki na neno lake, na yeye ndiye mwenye faida nalo. Tena kwa neno lake hilohilo aliijua kasoro, akainyamazia, akalitengeneza gari upya na kuendelea kulitumia. Anayefanya hivyo sheria inamhesabu amelipokea." Kulirudisha gari, hapana. Fidia, haikuthibitishwa.

Wakili alimnong'oneza kwamba rufaa ipo, ila watasoma mambo hayahaya. Sindano alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia kiti cha ofisini kwake akilete siku moja akishone, maana mshono ule utamchania nguo.

Kwenye ngazi, wakiwa wamembeba mama wanashuka, Marashi aliwapita. "Mzee wangu, tusiwekeane kinyongo," alisema. "Mimi nina magari mengi yanayohitaji mtu msafi kama wewe. Ukitaka kazi, njoo."

Mikono ya Sindano ilikuwa imejaa kiti. Hakuwa na cha kufanya ila kutazama pale anapokanyaga.

Mke wake hakusema kitu njia nzima, wala hakuimba kwa pua. Hakusema siku ile, wala siku zilizofuata. Alikula alicholishwa. Shemeji alikuja, akakaa, akatafuta utani wa kusema, akaukosa, akaondoka. Mtoto wao aliyekuwa mbali alipiga simu. Sindano akasema mambo yanakwenda. Kliniki nayo ikapiga: nafasi ya mama imepewa mgonjwa mwingine, kwa kuwa hakuonekana muda mrefu, lakini anaweza kuandikishwa tena mwishoni mwa foleni. Sindano aliuliza foleni ina urefu gani. Walipomjibu, alisema ahsante, akakiweka kipokea simu mahali pake taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

Jioni moja alikuwa anamfunika miguu shuka. Mke akamshika kifundo cha mkono.

"Mimi," alisema. Akangoja neno lije. "Mimi... si... mteja wako."

Kisha akamwachia.

Asubuhi Sindano alichukua spana akaenda uani. Alifungua bolti za kiti cha mbele, kile cha abiria, akakitoa garini, akakiburuta mpaka kibarazani, akakitengenezea miguu ya mbao, minene, akaijaribu kwa uzito wake mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Gari likabaki na pengo mbele kama kinywa kilichong'olewa jino. Akamtoa mkewe ndani, akamketisha. Mke alitazama uani, akaliona lile pengo, akatazama pembeni.

Sindano alipiga magoti sakafuni, akauchukua mguu uliolala na kuuweka mapajani mwake. Akaanza kuukunja na kuunyoosha kama alivyomwona mtaalamu akifanya, ingawa hakuwa na hakika na chochote, na mguu ulikuwa mwembamba kuliko alivyoukumbuka. Na alipokuwa akiukunja na kuunyoosha, akaanza kusema.

Alianza na kigamba cha konokono: jinsi kilivyokuwa kidogo, jinsi alivyokishika, jinsi alivyojua. Alimwambia juu ya kicheko cha gereji. Alimwambia juu ya jioni zile alizofungua mdomo akaufunga. Alipomaliza hayo akakuta hawezi kusimama hapo, uzi ukishafumuka unafumuka. Akarudi nyuma, kwenye vibanio vya nywele, kwenye vyeti vya hospitali vya bwana mmoja waliyemjua wote, ambaye alikufa akisema ana vidonda vya tumbo tu. Kwenye kiatu cha mtoto mchanga ndani ya gari la watu wasiojaliwa mtoto. Kwenye meno yaliyokenua. Mambo ya maisha yake yote, ambayo alikuwa akirudi nayo nyumbani kila jioni, akinawa mikono, na kuulizwa kazi ilikuwaje, na kujibu, nzuri.

Mke wake alisikiliza ameegemeza kichwa kwenye kile kiti kisichovunjika. Hakusema amesamehe. Yalipofika meno, upande mmoja wa mdomo wake ulitikisika, au labda Sindano alitaka utikisike. Akanyamaza apumue.

"Endelea," mke alisema. Neno lilitoka zima, halina ufa.

Akaendelea. Mguu ulikuwa mikononi mwake, mzito na wa baridi, anaukunja, anaunyoosha, nao haukumjibu kitu.